Boriti Niliyoiita Zawadi

Mimi ukuta haujawahi kunidanganya. Wasichana wamenidanganya, mafundi wenzangu wamenidanganya, hata saa yangu ya mkononi ilinidanganya mwaka mzima nikawa nafika kila mahali nimechelewa. Ukuta, hapana. Nipe ukuta wowote, niugonge mara tatu kwa kifundo cha kidole, niutegee sikio, na nitakwambia kama umebeba nyumba au umesimama tu kupunga upepo. Na woga siujui. Mimi na woga tulikutana darasa la pili, tukagombana, hatujaonana tena.

Hayo niliyasema kwa mdomo wangu huuhuu, katikati ya fleti ya ghorofa ya tatu, nyundo kubwa begani, mbele ya msichana ninayempenda kuliko kula. Wiki tatu baadaye, Ijumaa saa nane mchana, nilikuwa nimesimama palepale, na magoti yalikuwa yakigongana kama wageni wawili waliokutana kwenye mlango mwembamba.

Yeye ni mkutubi. Anafanya kazi mahali ambapo watu wanalipwa kwa kunyamaza, na mimi sijanyamaza tangu nizaliwe. Ndiyo maana kazini wananiita Kicheko. Nilimpata nilipokwenda kupaka rangi chumba cha magazeti. Nilikuwa naimba. Akaja, akaweka kidole mdomoni, mdomoni kwake, si kwangu, kwa bahati mbaya, akaniambia, "Shii." Nikanyamaza siku nzima. Mafundi wenzangu walidhani ninaumwa.

Fleti ilikuwa ya mama yake. Miaka ishirini na miwili mama yule amepika akiutazama ukuta. Upande wa pili wa ukuta huo mume wake na wageni walikuwa wakicheka, na kila alipotokea na sinia akauliza wanacheka nini, wakamwambia, ah, imeshapita. Mume alifariki mwaka juzi. Mkutubi akachukua penseli na karatasi akachora nyumba mpya: ukuta ule uondoke, jiko, meza ya kulia na sebule viwe chumba kimoja. Kuta ziwe na rangi ya chungu kilichochomwa vizuri. Sakafu ya mbao, rangi ya asali. Kaunta ya mbao nene ambayo bado inaonyesha mishipa yake. Mapazia ya kitani, rangi ya majani makavu.

"Nataka akikaanga kitunguu amwone anayecheka," aliniambia. Hapo ndipo nilipojua nimekwisha.

Tatizo lilikuwa mjomba wake, kaka wa mama. Mjomba ameendesha ghala la vipuri miaka thelathini, na haamini kitu ambacho hakina namba ubavuni. Alitaka kampuni yenye mihuri. Aliponiona aliuliza cheti changu kiko wapi, nikamwonyesha viganja. Mama alicheka mpaka akashika kifua. Mjomba hakucheka. Alisema kijana anayecheka kila saa anaficha kitu, na kwamba mtu kama mimi hafai kupewa nyumba, sembuse mpwa wake. Mkutubi akasimama. Hajawahi kupandisha sauti, na siku ile pia hakupandisha. Alisema tu kwamba ananiamini, na nikiharibu, wamwulize yeye.

Mjomba akakubali kwa shingo upande, kisha akaniambia neno moja ambalo nililala nalo wiki tatu. Nikimaliza nyumba ya dada yake bila dosari, atakaa chini anisikilize ninachotaka kwa mpwa wake.

Sasa sikiliza nilivyoharibu.

Kabla sijavunja, Mkutubi aliniambia nisubiri siku mbili, akaombe michoro ya jengo kwa msimamizi. Nikamcheka. Nikamwambia, wewe soma vitabu, kuta niachie mimi. Nikasogea upande wa jikoni, nikagonga mara tatu. Ukuta ukanijibu kama sanduku tupu. "Huu ni wa kugawa tu," nikasema. "Hata ukipiga chafya unaweza kuanguka."

Nilichogonga hakikuwa ukuta. Zamani mtu fulani alichoka kuona vigae vilivyopasuka, akavifunika kwa ubao mwembamba wenye nafasi nyuma yake, akapiga plasta juu, akapaka rangi. Nilikuwa nimeugonga ubao. Nyuma ya ubao kulikuwa na ukuta wenyewe, mnene, wa matofali mawili mawili, umelishika zege la juu kama mtu anayebeba godoro kichwani. Tindo iliponiambia hivyo, ningepaswa kusimama. Lakini yeye alikuwa pale, kitambaa kichwani, vumbi kwenye kope, na kila tofali lililoanguka alinipigia makofi. Ukipigiwa makofi na mtu kama yule, akili inakwenda kukaa nje.

Wiki mbili baada ya ukuta kuondoka, dari ikatoa ufa. Mwembamba, kama unywele mmoja, kutoka ulipokuwa ukuta kuelekea katikati ya chumba.

Mafundi tuna njia ya kuuhoji ufa. Unapaka plasta kidogo juu yake, upana wa vidole viwili, ikatize ufa kama plasta ya dukani inavyokatiza jeraha, unaandika siku kwa penseli. Ikikaa nzima, ufa umelala. Ikivunjika, ufa unatembea. Ya kwanza niliandika Jumatatu. Jumatano ilikuwa vipande viwili. Ya pili niliandika Jumatano, haikufika hata asubuhi ya pili. Ya tatu niliipaka Alhamisi saa saba mchana, nikakaa juu ya ngazi nikaibembeleza kama mtoto mwenye homa.

Ijumaa asubuhi sikuiangalia. Nilikuwa nimetengeneza boriti ya mbao, nzuri, rangi moja na kaunta, ya kupita darini mstari mzima wa ufa. Naiita boriti, lakini ndani ni tupu kama ahadi zangu za utotoni. Haiwezi kubeba hata njiwa aliyefunga kula. Niliipandisha, nikapigilia misumari nikiwa nimefumba macho. Ndiyo maana kidole gumba changu cha kushoto ni cheusi mpaka leo.

Saa nane akaingia.

Alikuwa na mfuko mkubwa begani, wa vitabu, nikadhani. Hakuvua viatu haraka kama kawaida yake. Alisimama mlangoni akakitazama chumba chote. Mchana ulikuwa umeingia kwa dirisha kubwa, umetandaza mwanga juu ya mbao mpaka kwenye kaunta, na kuta za rangi ya chungu zilikuwa zikimrudishia joto usoni. Nyumba ilikuwa nzuri, jamani. Hata mimi mwenye kosa nililiona hilo. Kisha akainua macho.

"Hiyo haikuwepo kwenye mchoro wangu."

"Zawadi," nikasema.

"Zawadi," akarudia, polepole, kama mtu anayeonja chumvi.

Nilisubiri anikumbatie. Badala yake akaanza kuzunguka chumba akiambaa na ukuta wa nje, akavichukua viti vyote vinne vya meza ya kulia, kimoja kimoja, akavipanga chini ya dirisha. Nikamwambia tumebomoa ukuta ili watu wakae pamoja, yeye anatengeneza kituo cha basi. Hakucheka. Nikamlaumu kwamba jana alininyima chakula cha mchana, nikashinda njaa, na mke wa namna hiyo nitamrudisha dukani. Hapo kwa kawaida ningepigwa kibao cha begani. Alisema tu kwamba jana alipata kazi ya ghafla.

Akaja karibu, akanishika mkono. Akaona kidole.

"Umeumia."

"Nyundo imenibusu. Wewe ulichelewa."

Alikishika kile kidole gumba ndani ya kiganja chake muda mrefu. Mikono yake ina harufu ya karatasi ya zamani. Mimi ninaweza kukaa ndani ya harufu hiyo nikazeeka. Macho yake yalikuwa yamenikazia, mekundu kidogo pembeni, kama ya mtu ambaye hakulala, na nikawaza kwamba ni furaha ya nyumba kuisha. Mtu mwoga anajua kujifariji.

"Kuna kitu unataka kuniambia?" akauliza. "Sasa hivi, tukiwa wawili."

"Nakupenda."

"Hicho nakijua. Kingine."

Sikiliza, maneno yalifika kooni. Naapa yalifika. Nililiona neno ufa limekaa kwenye ulimi wangu na viatu vyake miguuni, tayari kutoka. Lakini nyuma ya neno hilo nikamwona mjomba, nikauona uso wake akisema nilijua tu, nikamwona Mkutubi amesimama mbele ya ukoo wake akijibu kwa ajili yangu, kisha nikaiona siku baada ya hapo, na nyingine, zote hazina yeye. Jasho likatoka kwenye mgongo peke yake, kama lina safari.

"Ninataka kukwambia..." nikaanza.

Mlango ukagongwa.

Walitakiwa kuja kesho. Lakini mama alikuwa ameshindwa kungoja, akamsumbua kaka yake tangu asubuhi mpaka akamleta. Mkutubi alipoisikia sauti ya mama yake nje ya mlango, uso ulimpauka wote. Nikadhani ni aibu ya kukutwa tumeshikana mikono. Kumbe.

Mama aliingia, akasimama, mkoba ukamteleza mkononi. Akaugusa ukuta kwa kiganja kizima, kama anampima mtoto joto. Akasema rangi hii mtu anaweza kukaa nayo hata bila kula. Machozi yakamtoka bila sauti, na mimi nikatamani sakafu ya asali inimeze, ila nilikumbuka kwamba chini yetu pia kuna watu.

"Mama, keti hapa dirishani," Mkutubi akasema, akamshika bega, akamkalisha kwa nguvu kidogo. "Mjomba, na wewe. Kuna upepo mzuri."

Mjomba hakuketi. Alianza ukaguzi. Alifungua makabati yote akayafunga, akapiga magoti akapitisha kucha kwenye maungio ya mbao, akatoa mfukoni kipima maji chake mwenyewe, kidogo kama kalamu, akakiweka juu ya kaunta aone kama imelala sawa. Kipovu kikakaa katikati. Alikitazama kwa masikitiko kama mtu aliyenyimwa kesi. Kila hatua aliyopiga kwenda katikati ya chumba, mimi nilihesabu. Kila aliporudi nyuma, nilipumua. Mkutubi naye alikuwa akimfuata kwa macho. Mara mbili alimwita aje aone kitu dirishani, mara mbili mjomba akasema anakuja.

Akasimama mbele yangu.

"Ukuta uliokuwa hapa ulibeba kitu?"

"Ulibeba kalenda, mjomba," nikasema. "Na kalenda nimeitunza."

Mama akacheka akiwa bado na machozi. Mjomba akanisubiri nimalize kujifurahisha.

"Nimekuuliza kama mtu mzima, kijana. Nijibu kama mtu mzima. Dada yangu atapika hapa, atakaa hapa, wajukuu watatambaa hapa. Ulibeba kitu, au haukubeba?"

Nilimtazama Mkutubi. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mama yake, vidole vimeshika mgongo wa kiti mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Alinitazama kama unavyomtazama mgonjwa anayejaribu kusimama mwenyewe, unamwombea, humsaidii. Kama ningekuwa na akili ya kuku ningeyasoma macho yale. Lakini nilishasema, mimi nasoma kuta.

"Haukubeba kitu," nikasema. "Naapa."

Mkutubi akainamisha kichwa.

Mjomba alinitazama kwa muda wa kutosha kumnyoa mtu ndevu. Kisha akatoa mkono. Kiganja chake kilikuwa kigumu na kikavu, na changu kilikuwa chepechepe. Alisema neno la mwanamume ni neno, kwamba alinidhania vibaya, na kwamba Jumapili nije nyumbani kwake na mkubwa wangu mmoja, tuzungumze. Wiki tatu nilikuwa nimelisubiri jambo hilo. Nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo. Nilipolipata, lilikuwa na ladha ya chokaa.

Tukiwa bado tumeshikana mikono, mama akainuka.

Alisema anataka kujaribu tu, dakika moja, aone itakavyokuwa. Mkutubi alinyoosha mkono kumzuia, akachelewa. Mama alikwishavuka chumba kwa hatua ndogo za haraka, kama msichana, akaenda kusimama nyuma ya kaunta, uso umetuelekea sisi. Alishika mwiko ambao haupo, akakoroga sufuria ambayo haipo. Juu ya kichwa chake, boriti yangu.

"Haya," akasema. "Chekeni, nione."

Chembe nyeupe ikaanguka begani kwake. Moja. Ndogo kama punje ya sukari.

Sikumbuki kuvuka chumba. Nakumbuka tu kwamba nilisikia sauti ikisema mama toka hapo, toka hapo, mama, na sauti ilikuwa yangu, nyembamba, sauti ya darasa la pili. Nakumbuka nimemkumbatia mtu mzima mwenye heshima zake kiunoni na kumburuta mpaka dirishani, kiatu chake kimoja kimebaki jikoni. Tukaanguka wote wawili juu ya viti. Nikainua macho. Dari ilikuwa palepale. Boriti ilikuwa palepale, nzuri kama picha.

Mjomba alikuwa bado ameuacha mkono wake hewani, pale nilipouachia.

"Kwa nini?" akauliza.

Nilifungua mdomo, na mdomo wangu, ambao umeniokoa mbele ya walimu, wenye nyumba na mbwa wawili, ukatafuta mzaha kila chumba, ukarudi mikono mitupu.

"Rangi," nikasema. "Rangi bado mbichi. Ingemchafua."

"Rangi ilikauka Jumatano," Mkutubi akasema.

Hakuwa amesogea. Sauti yake ilikuwa ileile ya kazini kwake, ya chini, ya mtu anayekwambia umepitisha siku ya kurudisha kitabu.

"Jana saa saba nilikuletea chakula. Mlango ulikuwa wazi. Ulikuwa juu ya ngazi, umenipa mgongo, unazungumza na dari. Ulikuwa unaiambia, tafadhali shikilia mpaka nimwoe."

Mama akanitazama. Kisha, taratibu, akaitazama dari.

Mjomba alivuta pumzi ya mtu mwenye hotuba ndefu. Mkutubi akaweka kidole mdomoni.

"Shii," akamwambia mjomba wake. Na mjomba, aliyewaamrisha watu miaka thelathini, akanyamaza.

"Chakula nilimwachia jirani wa chini," akaendelea. "Jirani wa juu nimemwomba asubuhi aende kwa dada yake, akakubali. Mhandisi anakuja saa kumi na nguzo zake za chuma. Nimekuja saa nane ili uwe na saa mbili nzima za kuniambia mwenyewe. Nilikuuliza. Ungeniambia ningesimama na wewe, hata kama ni mbele yao wote." Akainua macho darini. "Plasta ya jana imevunjika, au haijavunjika?"

Huo ulikuwa mlango wa mwisho, na safari hii niliingia.

"Sijui," nikasema. "Nilipigilia nimefumba macho."

"Mimi sikufumba."

Akafungua mfuko. Havikuwa vitabu. Akatoa michoro ya jengo, imekunjwa, ina muhuri, akampa mjomba bila kumtazama. Kisha akaingiza mkono tena, akaja mpaka mbele yangu, akakishika kile kidole changu cheusi, akanifungua kiganja.

"Jana jioni ulipoondoka," akasema, "nilipanda ngazi."

Alichoniwekea kiganjani kilikuwa chepesi kama ganda la yai. Kipande cha plasta, upana wa vidole viwili, kimekatika katikati. Juu yake kwa penseli, mwandiko wangu mwenyewe, nusu ya neno Alhamisi.